Mawe ya Maharusi

Siku ya singo ya Khamisa, ya kumsugua kabla ya harusi, zilikuwa zimebaki siku tano nitie muhuri, nami nilikuwa na furaha mpaka naimba. Anayenijua anajua maana yake. Mimi Mwanaheri binti Shee, msoma mawe wa mji wa Ndau ya Pili, nina miaka hamsini na tisa na sauti ya kufukuzia kunguru. Siku ile hakuna aliyenizuia.

"Leo Bi Mwanaheri ana nini?" akauliza Bi Nuru, bibi yake bibi harusi, mikono yake imejaa liwa mpaka kwenye viwiko. "Amepata mchumba?"

"Nimepata binti," nikasema. "Barke anakuja, yeye na wajukuu wangu wawili."

Vigelegele vikapigwa hadi bati la dari likatetema. Wote mle ndani walijua habari ya Barke. Nilimwacha bara, katika kambi ya kando ya mto, miaka kumi na mmoja iliyopita, bahari ilipokwisha kuimeza Ndau ya kwanza na sisi tukagawiwa kwa kura kipande hiki cha Pasifiki, upande wa pili wa dunia. Mji unaoelea, minyororo minane mpaka chini, watu elfu sita, na kisima kimoja cha moto kinachotupa umeme, maji matamu na ubaridi wa kuhifadhi samaki. Nafasi zilikuwa elfu sita, hazikuzidi hata moja, na Barke alikuwa na mimba ya kulazwa, hakuweza kusafiri. Sasa kisima cha pili kilikuwa tayari. Bomba limeshateremshwa, mitambo imeshafungwa, na watu elfu nne wa ile kambi wameshaandikwa majina. Kilichobaki ni muhuri wangu kwamba mwamba wa chini ni salama kutobolewa.

Basi nikapewa mguu wa kushoto wa bibi harusi niusugue, kwa kuwa marehemu mama yake alikuwa shoga yangu. Nikachukua jiwe kwenye beseni, nikaanza kwenye kisigino. Likasugua vizuri ajabu.

Nikalitazama.

Lilikuwa jiwe jeusi lenye matundu, matundu makubwa ya kuingia punje ya mtama, yamepangana kama ya mkate wa mofa. Kwenye ukingo mmoja lilikuwa bado linang'aa kwa kioo kipya. Halikuwa na hata mwaka tangu litoke motoni.

"Khamisa, mwanangu, jiwe hili umelitoa wapi?"

"La Shekuwe hilo, shangazi. Si kila bibi harusi huletewa lake? Hata hawa wote wanayo."

Wanawake wakacheka, wakasema ndiyo, jiwe la Shekuwe, asiye nalo si mwali wa Ndau ya Pili. Mmoja akasema la kwake lina miaka minane na bado kali. Mimi nilikuwa nimeshika mguu wa mtoto wa watu, macho kwenye lile jiwe. Nikamaliza kisigino kile kwa adabu, nikanawa, nikaondoka kabla ya chakula. Bi Nuru hajanisamehe hilo la chakula mpaka leo.

*

Shekuwe ndiye mwendesha winchi yetu. Kazi yake ni kuteremsha kucha la chuma mita elfu mbili mpaka sakafuni, kuchota mawe mapya yanayotoka kwenye ufa, na kuniletea maabara. Ni mtu wa mzaha, mpenda uturi, na amekuwa akinitania tangu tulipokuwa madrasa moja. Nilimkuta kwenye gati anapaka grisi ngoma ya winchi.

"Shekuwe, wewe umekuwa ukigawa mawe yangu?"

"Yako?" Akafuta mikono kwa tambara. "Yako si nakuletea? Mazito, ya kioo safi, yamepangwa kwenye trei kama visheti. Ninayogawa ni yale mabovu."

"Mabovu kwa mujibu wa nani?"

Akanikazia macho. Mzaha ukamtoka usoni.

"Kwa mujibu wako, Mwanaheri. Mwaka ule wa kwanza ulisimama hapa hapa ukaniambia, 'Yenye matundu usiniletee, kisomeo hakiyataki, unanipotezea siku.' Nikasema hewala. Basi mengi nayarudisha baharini, na likitokea zuri la mkono nampelekea bibi harusi. Nimekosea nini?"

Hakukosea chochote. Kisomeo changu ni mashine inayopitisha mwanga ndani ya kioo cha jiwe na kuhesabu kilichomo, punje kwa punje. Kikikuta tundu, mwanga unatawanyika na hesabu inaharibika. Jiwe la kioo kizito hulisoma kwa dakika kumi. Lenye matundu lazima ulisage, uokote fuwele za kijani humo ndani kwa kibano, fuwele moja moja, utafute tone dogo la kioo lililonaswa katikati yake. Kazi ya siku nzima. Mwaka ule wa kwanza nilikuwa na haraka na nilikuwa na kiburi. Nikamwambia mtu asiniletee nusu ya ukweli, naye akatii.

"Matundu ni nini hasa?" Shekuwe akauliza kwa sauti ya chini.

"Ni mvuke. Lakini fikiria kina chake, Shekuwe. Mita elfu mbili za maji zimekalia lile jiwe. Chini ya uzito huo uji mkavu hauwezi kutoa povu, unabanwa. Ili ufure vile, lazima uwe na maji mengi sana ndani."

Uji ndivyo tunavyouita mwamba ulioyeyuka. Hata Liwali, mkuu wa mji wetu, huuita hivyo kwenye barua zake.

"Na wewe umeandika kwamba ni mkavu."

"Nimeandika mara mia nne na kumi na mbili."

Akavua kofia, akajipiga nayo pajani. "Ya Rabi. Sasa?"

"Sasa nataka kujua kila jiwe ulilogawa lilitoka lini na wapi. Lakini utajuaje, mawe ya miaka minane?"

"Hayo madogo," akasema Shekuwe, na kidogo ule mzaha ukamrudia. "Kucha likiteremka naandika siku na mahali, hilo unalijua. Na jiwe sikumpa mtu ila wiki ya harusi yake, likiwa bado bichi. Wewe niletee jiwe na tarehe ya ndoa. Ushawahi kuona mwanamke aliyesahau tarehe ya ndoa yake?"

*

Kuomba jiwe la bibi harusi si kazi ndogo. Ni kitu chake, hakiazimwi ovyo. Ilinibidi nibishe hodi nyumba kwa nyumba siku mbili mfululizo, nikanywe kahawa nisizozitaka, niulizwe kama nimechanganyikiwa. Maharusi waliopata jiwe la Shekuwe kwa miaka minane walikuwa thelathini na wanne. Watano walikuwa wamepoteza, mmoja alimtupia mumewe likaangukia baharini na hakutaka kulizungumzia. Nikarudi na mawe ishirini na manane ndani ya kapu la sokoni. Kila mmoja alinipa kwa sharti moja, lile lile la siku zote: kitu cha jirani hakirudi kitupu.

"Sina cha kuwarudishia nacho," nilimwambia Bi Nuru. "Sipiki halua."

"Basi rudi na maneno," akasema. "Utuambie limesema nini."

Nikakubali bila kufikiri. Nilikuwa na haraka tena, sijifunzi.

Nilisaga kipande kidogo tu kwenye kila jiwe. Shekuwe akakaa nami kuokota fuwele, na vidole vile vinene vya grisi vikawa na subira kuliko vyangu. Kufikia alasiri ya Jumatano tulikuwa tumesoma yote. Nikayapanga kwa tarehe za ndoa, la kwanza mpaka la Khamisa, nikaandika namba ya kila moja kwenye karatasi.

Shekuwe akasoma ile safu kutoka juu mpaka chini, kisha akaisoma tena.

"Mimi si msomi," akasema, "lakini hii inapanda."

*

Liwali Bwanadi alinipokea ofisini kwake kwa chai ya tangawizi. Ni mtu mpole, fundi wa mabomba kwa asili, na aliuomba uliwali ili tu kisima cha pili kichimbwe. Nduguze watatu wako kambini. Sikuwa na adui mle ndani, na laiti ningekuwa naye ingekuwa rahisi.

"Nieleze polepole, Bi Mwanaheri. Kama unavyomweleza mtoto."

"Bamba moja la dunia linazama chini ya lenzake," nikasema. "Kule mashariki linakozamia imesimama safu ya volkano. Sisi tuko nyuma ya safu hiyo, ndiyo maana paitwa Bonde la Nyuma. Hapa sakafu ya bahari inavutwa huku na huku, inakuwa nyembamba, inachanika. Mwamba wa moto unapanda kuujaza ufa, na ukipanda unapunguziwa uzito, basi unayeyuka wenyewe bila kuongezewa moto. Uji wa namna hiyo ni mkavu. Ukiutoboa unatiririka polepole, tena unaganda. Huo ndio niliousoma mimi."

"Na huu mwingine?"

"Bamba linalozama limelowa, lilikaa chini ya bahari miaka milioni kwa milioni. Likifika chini sana linakamuliwa. Maji yake yanapanda, yanaingia kwenye mwamba wa moto na kuuyeyusha kwa njia yao. Uji huo una maji ndani. Ukiubana umetulia. Ukiutoboa ni soda iliyotikiswa."

"Utatofautishaje?"

"Maji hayapandi mikono mitupu. Yanabeba madini yaitwayo bariamu. Niobiamu, madini mengine, haibebwi na maji, inabaki ilikokuwa. Kwa hiyo naangalia bariamu ni mara ngapi ya niobiamu. Uji mkavu, mara nne, mara tano. Uji wa maji, mara hamsini na zaidi." Nikamsogezea karatasi. "Harusi ya kwanza, miaka minane iliyopita, sita. Miaka mitano iliyopita, kumi na nne. Miaka miwili, thelathini na moja. Khamisa, juzi, hamsini na nane. Yale maji yanawasili, Liwali. Yanawasili chini yetu."

Akaisoma karatasi kwa muda. Kisha akauliza swali ambalo hata mimi ningeuliza.

"Mawe haya yamesugua miguu. Yameingia sabuni, liwa, hina, na sijui nini. Si yawezekana bariamu imetoka bafuni?"

"Kama ningesoma juu ya jiwe, ndiyo. Nimesoma matone yaliyofungiwa ndani ya fuwele tangu jiwe likiwa uji. Sabuni haifiki humo."

"Na yale mia nne na kumi na mbili ya mwanzo? Yalikuwa ya uongo?"

"Ya kweli. Uji wa aina mbili unapanda katika ufa mmoja. Nilichagua kusoma mmoja."

Nje mlangoni karani wake alikuwa akihesabu magodoro ya wageni kwa sauti, mia tatu na sita, mia tatu na saba.

"Kisima cha kwanza?"

"Hicho kinaota moto pembeni, hakigusi uji. Na mlima wa moto ukijitapikia wenyewe kule chini, bahari inaubana, sisi juu tutaona povu. Hatari ni bomba la pili. Linaingia ndani ya uji wenyewe, na kinachotoka humo kina njia iliyonyooka mpaka chini ya vitanda vyetu."

"Uji huo utatoka lini?"

"Sijui. Pengine usitoke. Ukinibana nikupe hesabu, nasema kati ya mara tatu, mara moja."

Liwali akaweka kikombe chini. "Bi Mwanaheri, nitasema jambo, na ukikataa sitakulaumu. Muhuri wako umeandikwa, 'Nimeyasoma mawe yaliyoletwa maabara na nimeyaona makavu.' Mawe yaliyoletwa maabara. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

"Keshokutwa ni siku ya mwisho. Tusipowasha, sehemu yetu ya mgao wa visima inapewa mji mwingine, na wale elfu nne wanarudi nyuma ya foleni. Miaka kumi mingine. Ukitia muhuri hujaongopa hata herufi moja. Na sheria unaijua, msomaji hulala juu ya alichokisoma. Hutajificha. Utakuwa juu ya bomba, wewe na Barke."

Nawaambia haki ya Mungu, nilitaka kusema ndiyo. Nilichosema ni, "Nipe mpaka kesho."

*

Barke alipokea simu akiwa amesimama, nyuma yake turubai la bluu na watu wanapita na ndoo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Watoto?"

"Wazima. Mdogo ameota upya meno ya mbele, hataki kufunga mdomo. Wanauliza huko kwenu chooni kuna maji."

Nikamweleza yote. Sikumficha la Shekuwe wala la kiburi changu. Alinisikiliza bila kunikatiza, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu Barke ninayemjua mimi humkatiza hata imamu.

"Mlima utalipuka?" akauliza mwishowe.

"Labda. Mara moja katika tatu."

"Mara moja katika tatu." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na chochote ndani. "Mama, masika haya tumezika watoto kumi na mmoja katika mstari wetu wa mahema. Mstari wetu peke yake. Maji ya mto yakipanda, vyoo navyo vinapanda. Mimi hapa ninaishi na mara moja katika tatu kila mwaka, na hakuna anayenipigia simu kuniuliza kama naridhia."

"Najua."

"Hujui. Uliondoka kabla hayajawa hivi."

Ni kweli sikujua. Nilikuwa na picha zake za sikukuu tu, wamevaa nguo nzuri, na hema limekatwa nje ya picha.

"Kama Khamisa huyo angeolewa wiki ijayo," akasema, "ungetia muhuri?"

"Ningetia."

"Nami ningekuja kulala juu yake na wanangu, bila kujua."

"Ndiyo."

Akageuza uso, akamjibu mtu aliyeuliza kitu kuhusu ndoo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu lakini sauti imetulia.

"Fanya unavyojua, mama. Lakini ukisema hapana, usiseme umefanya kwa ajili yangu. Hilo sitaki kulibeba."

*

Alhamisi baada ya sala ya alasiri nikapeleka kapu uani kwa Bi Nuru, niyarudishe mawe. Nilidhani nitawakuta kumi. Walikuja wote ishirini na wanane, na mama zao, na wakwe zao, na waume wakasimama barazani wakijifanya wana mazungumzo yao. Liwali naye akaja. Akakaa kwenye kigoda nyuma kabisa.

Nilikuwa nimeandika namba ya kila jiwe kwenye kikaratasi na kukifunga kwa uzi. Nikarudisha moja moja, kwa jina.

"Haya, maneno yetu," akasema Bi Nuru. "Ulituahidi."

Nikasema, "Kila mtu asome namba yake. Aanze aliyeolewa mwanzo."

Wakasoma. Sita. Sita. Saba. Sita. Tisa. Palikuwa na kicheko hapo mwanzoni, mmoja akamwambia mwenzake, "Hata kwenye jiwe umenizidi!" Kumi na nne. Kumi na saba. Wanawake wetu wamezaliwa katika nyumba zilizokuwa zikiingiwa na maji kidogo kidogo kila mwaka. Wanaijua namba inayopanda. Kufikia ishirini na tano hakuna aliyecheka, na wale wanaume barazani walikuwa wameacha mazungumzo yao. Thelathini na moja. Arobaini. Arobaini na nne.

"Hamsini na nane," akasema Khamisa, hina mikononi bado nyeusi. "Shangazi, la kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Ni vizuri au ni vibaya?"

"Ni vibaya, mwanangu," nikasema, na nikawaeleza. Nikawaambia pia kwamba kosa ni langu, kwamba niliagiza mawe haya yasinifikie, na kwamba muhuri siutii. Nikawaambia jambo la mwisho, ambalo ndilo lililonichoma: nikiwa sahihi, hakuna kitakachotokea. Hatutatoboa, mlima utalala, na hakuna siku hata moja nitakayoweza kuwaonyesha kwamba haikuwa bure.

Mwanamme mmoja barazani akapaza sauti, "Na ndugu zetu?" Ikawa kama amefungua bomba. Kila mtu alikuwa na mtu kambini. Mmoja akaniita muuaji, na jirani yake hakumkemea. Nikasimama pale na kapu tupu nikawaacha waseme, maana walikuwa na haki.

Aliyewanyamazisha ni Bi Nuru, kwa kugonga jiwe la mjukuu wake kwenye beseni.

"Bwanadi," akamwita Liwali kwa jina, kwa kuwa alimwogesha utotoni. "Wewe ni fundi. Kisima hiki kimoja kinalisha watu elfu sita tunavyoishi hivi, taa kila pembe, ubaridi kila nyumba, maji ya kuoga mara mbili. Tukiishi nusu ya hivi, kinalisha wangapi?"

Liwali alikuwa ameshapiga hesabu hiyo, ilionekana. Huenda alikuwa nayo mfukoni tangu jana.

"Mia tisa zaidi," akasema. "Mia tisa na ishirini tukizima friji za nyumbani. Zaidi ya hapo maji hayatoshi. Na si kwa mwezi mmoja. Ni maisha."

"Mia tisa kati ya elfu nne," akasema yule wa barazani.

"Kati ya elfu nne," akasema Liwali.

Walibishana mpaka magharibi ikakaribia, na sitawachosha kwa yote. Waliopinga walikuwa wengi, na walisema wazi kwamba wamechoka kupungukiwa. Mwishowe mikono ikanyanyuliwa. Hoja ya Bi Nuru ikapita kwa tofauti ya mikono thelathini. Kisha likaja lile swali la nani, na Liwali akapendekeza lililo la haki, wala hakuna aliyeweza kulipinga: familia zenye watoto chini ya miaka mitano zianze, kwa kuwa watoto hao ndio wanaokufa.

Khamisa akanigeukia. "Na Barke?"

Ua mzima ukanitazama. Bi Nuru akasema, "Barke aingizwe. Huyu mama ametuambia jambo ambalo angeweza kulimeza. Mwachieni mwanawe." Na mimi niliona vichwa vikitikisika kukubali, hata cha yule aliyeniita muuaji. Liwali alikuwa ameshika kalamu. Alinitazama na kungoja, na nikajua kwamba nikinyamaza tu, nisiseme neno, ataliandika.

Nilinyamaza. Nasema kweli, nilinyamaza muda mrefu kuliko inavyofaa. Nilimwona mjukuu wangu na meno yake mapya.

"Mwanawe mdogo ana miaka saba," nikasema.

Liwali akaweka kalamu chini.

*

Nilimpigia Ijumaa asubuhi. Alipokea haraka, bila shaka alikuwa anaingoja. Nikamwambia kisima hakiwashwi, na nikamwambia kuhusu mia tisa na ishirini, na miaka mitano.

Alielewa kabla sijamaliza. Nilimwona akielewa. Akaweka kiganja mdomoni, akakiondoa.

"Walikupa nafasi yangu?" akauliza. "Walitaka kunipa?"

Ningeweza kumwongopea.

"Walitaka."

Nyuma yake turubai lile lile la bluu lilikuwa likipigwa na upepo, na mjukuu wangu mdogo akapita mbio na kijiti, hakuniona. Nilitaka kusema mambo mengi, yote yalikuwa ya kujitetea, nikayaacha.

"Katika mstari wetu amepata nani?"

Nikaangalia orodha, ingawa nilikuwa naijua kwa moyo. "Mwanaiki binti Omari na watoto watatu."

"Mwanaiki wa mapacha?"

"Sijui. Imeandikwa watatu, wawili umri mmoja."

"Walikuwa wanne," akasema Barke.

Akafuta uso kwa upande wa mtandio, mara mbili, kama mtu anayejiandaa kutoka.

"Bado hajui, mama. Yuko kwenye foleni ya maji. Ngoja niende nikamwambie."

Akakata simu, akaenda.